Mtu wa Garissa katika Gari la Moshi

Wazee walisema kuwa kutembea kwingi ni kuona mengi. Siku hizi vijana wa Garissa, Wajir na Mandera wana pikipiki zao, na wako wathubutuo kuzipanda hata kuvuka mipaka ya Kenya. Safari moja iwafaayo ni ile ya kwenda Tanga, katika nchi ya Tanzania, kwa njia ya pwani. Na katika safari hiyo yafaa iwepo siku moja ya kuipumzisha pikipiki, mwenyewe akapanda gari la moshi.

Msafiri huvuka daraja la Mto Tana, hupita Madogo, kisha huufuata mto kwa Bura, Hola na Garsen, akatokea Malindi na mwishowe Mombasa. Huondoka alfajiri kabla jua halijawa kali, naye amechukua maji ya kutosha na vifaa vya kuziba pancha. Wakati wa masika na wa vuli hana budi kuuliza kwanza habari za barabara, kwani mafuriko ya mwaka 2023 na ya mwaka 2024 yaliikata njia karibu na Madogo, watu wakawa wakivushwa kwa mashua.

Afikapo Mombasa, huiweka pikipiki mahali pa salama, na asubuhi yake huenda stesheni ya Miritini. Humo hapati tikiti asiye na kitambulisho. Hilo si jambo dogo kwa mtu wa kaskazini mashariki. Zamani za ukoloni nchi yake ilikuwa imefungwa, na watu hawakuingia wala kutoka ila kwa pasi. Hata baada ya Uhuru, kwa miaka mingi vijana wake walihojiwa zaidi ya wenzao kabla ya kupewa kitambulisho, mpaka Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza huko Wajir kwamba uchunguzi huo wa ziada umeondolewa.

Ataradhie gari lisimamalo katika stesheni za njiani, wala si lile la haraka, na safari yake iwe ya kwenda Voi na kurudi. Minazi huisha upesi, na baada ya Mariakani huanza nyika ya Taru: miiba, udongo mwekundu, na anga lisilo na wingu. Hapo mtu wa Garissa hushangaa, si kwa ugeni wa nchi, bali kwa kuwa yafanana sana na kwao. Reli imeinuliwa juu ya tuta, na chini yake zimeachwa njia za wanyama kupita. Mwenye bahati huwaona ndovu wa Tsavo, wekundu kwa vumbi. Kisha mlima wa Sagalla hutokeza upande wa kushoto, na nyuma yake milima ya Taita, na gari husimama Voi.

Katika Voi ana saa chache za kunywa chai na kufikiri. Nyika hii haina mvua nyingi, nayo iliwatisha wasafiri wa zamani. Walakini reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, iliipasua katikati. Magari ya zamani yalihitaji maji na kuni, basi zikawekwa stesheni, na penye stesheni pakaja duka, posta na shule. Ndivyo zilivyokua Voi, Mtito Andei na Makindu. Reli haikujengwa kwa ajili yao. Walikuwa njiani tu. Kumbe ukame peke yake si sababu ya nchi kubaki nyuma.

Lakini liko somo la pili. Mwaka 2017 reli mpya ilipofunguliwa, gari la abiria la reli ya zamani likakoma. Mahali kama Mackinnon Road, ambapo la zamani lilikuwa na stesheni, reli mpya haikuwawekea kituo cha abiria. Watu wake husikia ngurumo likipita, wala hawana la kuuza dirishani. Basi faida huletwa na kituo, na chuma kipitacho bila kusimama ni kelele tu.

Neno hili lawahusu watu wa Garissa hasa. Machi 2012, huko Lamu, ulizinduliwa mradi mkubwa wa kuunganisha bandari ya Lamu na Ethiopia na Sudan Kusini, na katika ramani yake imo reli ipitayo Garissa na Isiolo. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa mwaka 2021, lakini reli yenyewe haijatandikwa. Siku wapimaji watakapokuja, wengi watauliza juu ya fidia ya ardhi, na ni haki yao. Wauliza pia: kituo kitakuwa wapi? Je, kitakuwa na zizi na maji ya mifugo? Garissa ina soko la ng'ombe lijulikanalo Afrika ya Mashariki nzima, nao husafirishwa kwa malori mpaka Nairobi na Mombasa. Reli isiyoweza kumpakia ng'ombe wa Garissa itakuwa reli ya wengine.

Baada ya hayo msafiri hurejea Mombasa, na kesho yake huendelea Lunga Lunga, akiwa na hati ya kusafiria, karatasi za pikipiki, na bima ikubaliwayo upande wa pili. Huko Tanga ataikuta reli nyingine, iliyoanzwa na Wadachi mwaka 1893. Naye ataitazama kwa macho mapya, akiuliza kwanza ni wapi lilisimama gari.