Mbwa si mufuko wa makala

Wandugu wa koperative, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa tunaona mbwa wanafika kwa pikipiki ndani ya mufuko, kinywa kimefungwa kwa kamba. Hapo hatukubali. Mbwa hatoki jasho sawa siye; anapunguza joto kwa kuhema, ulimi inje. Ukimufunga kinywa, anaweza kufa mbele ya kupata sindano. Tena mbwa mwenye kuogopa anauma, na wa kwanza ni ule anayemubeba.

Mutengeneze kisanduku kimoja cha mbao kwa kijiji kizima. Fundi wa mizinga ya nyuki anakiweza. Mbwa asimame, ageuke, alale. Kati ya mbao hewa ipite, lakini mguu usipite. Ncha za misumari zisitokee ndani. Mabati hapana, juani yanachoma. Mulango ufungwe kwa komeo, kamba ataitafuna.