Bibi, fungua mdomo tuone

Najua nimepotea, ni mambo ya UE. Sasa niko likizo Mandewa, Singida, kwa bibi. Upepo upo, kuku wa kienyeji ndiyo usiseme.

Ila leo sina stori za kuku. Bibi ana kidonda ubavuni mwa ulimi, wiki ya nne sasa, na wala hakimuumi. Ugoro ameanza kabla mama hajazaliwa. Nikamwambia twende hospitali, si ya rufaa iko hapa hapa Mandewa? Akanijibu: "Mjukuu wangu, wakisema kansa ndiyo nimekwisha. Bora nisijue."

Mtanipinga mkitaka, lakini mimi naona maneno hayo yanaua. Tumekariri kwamba kansa ni kaburi kwa sababu tunaowaona ni waliofika hospitali uvimbe umeshashuka shingoni. Waliowahi hatuwaoni. Wako sokoni wanauza vitunguu, nani atawanyooshea kidole?

Takwimu za Marekani zinasema saratani ya mdomo ikikutwa haijasambaa, zaidi ya watu 8 kati ya 10 wako hai miaka 5 baadaye. Ikishafika mbali mwilini, hawafiki hata nusu. Ikiwa ndogo, mara nyingi upasuaji peke yake unatosha. Ukichelewa, ongeza mionzi, dawa, na safari za Ocean Road, Dar.

Mtasema Singida siyo Marekani. Sawa, lakini kuangalia mdomo hakutaki mashine kubwa, ni taa, macho na vidole vya daktari wa meno. Akitilia shaka ndipo anakata kinyama kikapimwe. Kidonda kisichopona wiki mbili tatu, doa jeupe au jekundu, uvimbe: nenda. Wengi wanaambiwa siyo kansa, wanarudi nyumbani kula ugali.

Jana usiku nikamweleza bibi hivyo hivyo. Akakaa kimya, akachokonoa moto, kisha akauliza, "Na kama nimewahi?"

Jumatatu saa moja asubuhi tunaondoka. Naogopa, sitawadanganya. Lakini nimejifunza kitu ambacho hakimo kwenye kozi zetu za ualimu: ukimtisha mtu anajificha, ukimpa tumaini anavaa viatu.

Nanyi wenye babu wa ugoro, na nyie wa sigara na bia huko hosteli, angalianeni midomo. Alamsiki.