Mtoto wa mabanda anaponyimwa kwa sababu ya shule yake

UKIPITA Mukuru au Mathare saa moja asubuhi, utawaona watoto wenye sare wakiruka mitaro ya majitaka kuelekea shuleni. Wengi wao hawaendi katika shule za serikali. Wanaenda katika vyumba vya mabati vilivyoanzishwa na makanisa, vikundi vya akina mama au watu binafsi, kwa sababu shule ya umma imejaa pomoni au iko ng'ambo ya barabara kuu.

Tangu Januari 2003 tumeambiwa elimu ya msingi ni ya bure. Kwa watoto hawa, sivyo. Mama anayefua nguo za watu Eastleigh ili apate unga wa jioni hulipa karo. Akishindwa, mtoto hurudishwa nyumbani.

Lakini karo ni kikwazo kimoja tu. Aliyelala njaa husinzia darasani kabla ya saa nne. Anayekunywa maji ya mtungi yasiyochemshwa huharisha, na choo ni hicho kimoja kinachotumiwa na shule nzima. Msichana aliyevunja ungo naye hubaki nyumbani siku za hedhi kwa kukosa sodo na mahali pa kujisitiri. Akikosa siku nne kila mwezi, hesabu atazifahamu lini?

Mwaka wa 2017 Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Elimu ya Msingi ili wasichana wapewe sodo bila malipo. Ni sheria nzuri, ila inawataja waliosajiliwa katika shule za umma. Mpango wa chakula wa Kaunti ya Nairobi, ulioanza 2023 kwa malipo ya shilingi 5 kwa mlo, nao ulielekezwa katika shule za umma. Hivyo aliyelemewa zaidi ndiye anayerukwa.

Najua jibu la maofisa: shule hizi ni biashara za watu. Ni kweli walaghai wapo, na wakaguzi wawaandame. Lakini Wizara ya Elimu yenyewe ilizitambua shule za aina hii katika sera yake ya 2009. Kuzitambua kisha kuwanyima watoto wake sahani ya githeri ni kitendawili.

Wabunge waongeze maneno machache tu katika sheria hiyo, ili sodo zimfikie msichana popote anaposomea. Kaunti nayo ianze na shule za mabanda zilizokwisha kusajiliwa.