Salamabila: tumuulize mbunge atakaa kamisheni gani

Wakati wa kampeni tunamuuliza mgombea mambo ya barabara na usalama. Kamisheni atakayoingia bungeni, hakuna anayeiuliza.

Marekani, kwa desturi ya muda mrefu, aliyekaa miaka mingi kwenye kamisheni ndiye alipewa kuiongoza. Kinshasa, vyeo hivyo vinagawanywa kwa mapatano ya makundi ya wabunge. Kinachohesabiwa ni umri, tena kwa ofisi ya muda tu: Christophe Mboso, kama mzee kuliko wote, aliiongoza Desemba 2020 nyuma ya kuondolewa kwa Jeanine Mabunda. Februari 2021 akachaguliwa raisi wa bunge.

Basi mbunge achimbue mafaili ya migodi kwa faida gani? Afazali angoje uwaziri. Tangu katiba irekebishwe 2011, akiteuliwa waziri, mbadala wake anaketi na kiti kinamungoja.

Kwetu jambo hili lina bei. Sheria ya migodi ya 2018 inasema 15% ya redevansi ni ya sekta ao sheferi yenye mgodi, na 25% ya jimbo. Namoya ilianza kuzalisha kibiashara 2016, ikasimamishwa 2019 kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Hesabu kama hizo zinaomba mtu wa kuzifuata muhula hadi muhula.

Ningependa kanuni za bunge zimupe kipaumbele aliyemaliza muhula mzima kwenye kamisheni moja. Simaanishi mvi, naongea mafaili aliyosoma. Wenye kupewa vyeo na vyama vyao hawatafurahi.