Sifuri ya 2×6 na 6×2

Bumu halijatoka na intaneti ya hapa inasuasua, ila leo siongelei hayo. Nina hasira na swali moja la hesabu.

Juzi kwenye mazoezi ya kufundisha nikapewa madaftari nisahihishe. Swali: 12 inaandikwa kwa njia ngapi kama zao la namba nzima zinazozidi 1, ukihesabu na 12 yenyewe? Majibu ya mwalimu mwenyeji: 4, yaani 12, 2×6, 3×4 na 2×2×3. Binti mmoja kaandika 8. Kaongeza 6×2, 4×3, 2×3×2 na 3×2×2, zote kazipanga vizuri kabisa. Nikaambiwa mpe sifuri. Nikampa. (Ndiyo, nilimpa, na usingizi sina.)

Jamani, sifuri kwa kosa gani? Swali halikusema kama mpangilio unahesabiwa. Ukiuhesabu, 8. Ukiupuuza, 4. Ukisema namba zinazokaa jirani zisifanane, 6, kwa sababu 2×2×3 na 3×2×2 zinaanguka. Hata ile kanuni tunayoikariri, kwamba kila namba inayozidi 1 ina vigawo tasa vyake na si vingine, inamalizia na "bila kujali mpangilio". Watu wanaruka hapo kama dimbwi.

Mtasema kuzidisha hakujali nani katangulia. Sawa, zao halibadiliki. Lakini hatukuulizwa zao, tumeulizwa njia!

Na hiyo hesabu ya binti si ya kitoto. László Kalmár wa Hungaria aliichambua mwaka 1931. Kuna njia tamu ya kuihesabu: chagua namba ya mwisho, zilizotangulia zinazaa kigawo kidogo zaidi. Kwa hiyo unajumlisha tu idadi za vigawo vidogo. Kwa 12 ni 1, 2, 3, 4 na 6, vyenye njia 1, 1, 1, 2 na 3. Jumla 8 (1 tunaipa njia moja, ya kutoandika kitu). Sasa jaribu 48. Inatoka 48 yenyewe! Nimerudia mara mbili kwenye karatasi ya chapati, sikuamini.

Mtoto kafika huko peke yake, sisi tunamkata kwa wino mwekundu kisa majibu ya mwalimu yana 4.

Jumatatu naliomba lile daftari namrudishia alama zake. Mwalimu ataninunia, na Jumatano msimamizi wangu anakuja kunikagua. Mniombee.