Asali ya Mtoto Mchanga



Bibi mmoja alinijia baada ya darsa. Mjukuu wake amezaliwa, naye ameweka kichupa cha asali kwa ajili ya tahniki, lakini muuguzi wa kliniki amemkataza. Je, muuguzi yule aipinga Sunna? La, haipingi. Tahniki aliyoifanya Mtume (s.a.w.) ilikuwa kwa tende. Asali twaiheshimu, na Suratun-Nahl imeitaja kuwa ina shifaa, lakini si kila shifaa ni ya kila umri.

Asali yaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima huzishinda, ila katika tumbo la mtoto asiyetimiza mwaka zaweza kuchipua na kutoa sumu. Kuichemsha asali jikoni hakuziui. Sumu hiyo huingia katika ncha za mishipa ya fahamu na kuizuia isitoe kemikali inayoiamrisha misuli. Mtoto hufunga choo, hulia kwa sauti hafifu, hushindwa kunyonya, kope humlegea, shingo haikazi, na mwisho pumzi humpotea. Wakubwa nao hupatwa kwa chakula kilichofungiwa vibaya. Mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza lilieleza habari za Wakenya waliodhurika kwa kula kumbikumbi.

Dawa ya kuivunja sumu ipo, lakini huikamata ile iliyomo katika damu tu. Iliyokwisha kuingia ndani ya mshipa wa fahamu haiifikii, na mgonjwa aweza kubaki kwenye mashine ya kupumulia wiki nyingi, pengine miezi, mpaka mishipa ijitengeneze. Ndiyo maana watafiti wa Marekani wakajaribu dawa iitwayo 3,4-diaminopiridini, ambayo tangu 2018 imeruhusiwa huko kwa ugonjwa mwingine wa udhaifu wa misuli. Haiondoi sumu. Hurefusha ishara ya umeme katika mshipa, kalisi ikaingia kwa wingi, na kemikali ile ikapata kupenya palipobaki upenyo. Ni kama mwadhini aliyezimikiwa na kipaza sauti: akivuta pumzi na kuinua sauti yake, walio karibu na msikiti watamsikia. Panya waliokuwa taabani kwa kukosa pumzi walirudiwa na nguvu, alhamdulillah.

Hata hivyo nguvu za dawa hupita upesi, hivyo hulazimu kurudiwa. Ikizidi, huleta degedege. Na sumu ikiwa imefunga kila mlango, haina la kufanya. Tena panya si mtoto wa binadamu. Msiilee tamaa hiyo mkalegeza tahadhari.

Bibi yangu, chukua tende laini, osha mikono, iponde mpaka iwe kama uji, umpake mtoto kidogo tu kwenye kaakaa. Asali ingoje atimize mwaka. Na ikiwa alikwisha kulambishwa, kisha mkaona kilio kimefifia au kope zimelegea, mpelekeni hospitali saa ileile, mkamwambie daktari waziwazi kwamba alilambishwa asali, hata kama aliyemlambisha ataona haya.