Gesi ya AC Haiishi kama Petroli

Kwenye gereji za Majengo, karibu na Gikomba jijini Nairobi, mwenye HiAce kuukuu akilalamika kuwa AC inapuliza joto, jibu huja haraka: gesi imeisha, ijazwe. Si kweli. Gesi ya AC haichomwi, inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini huibana hadi ipate moto. Kondensa, mbele ya rejeta, huutoa moto huo nje na gesi hugeuka majimaji. Valvu huyaachilia ndani ya evaporeta, nayo huchemka yakinyonya joto la garini. Gari kuukuu huvuja kidogo kidogo kwenye mipira na sili, hilo nakubali. Ila gesi ikiisha baada ya miezi michache, pana tundu, na kujaza bila kuliziba ni kutupa pesa.

Wengine husema gesi yoyote inafaa. Dai hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa linahatarisha watu. Gari nyingi za mwanzo wa miaka ya 1990 zilitumia R12, gesi iliyowekewa mipaka na Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Iliyochukua nafasi yake, R134a, haichanganyiki na oili ya zamani, basi ukiijaza tu, kompresa hukosa oili na kukwama. Na gesi ya kupikia? Inapoza kweli, lakini inashika moto. HiAce nyingi zina evaporeta ya pili darini, juu ya vichwa vya abiria. Ikivuja hapo, cheche moja yatosha.

Maji yanayodondoka chini ya gari yasikutishe, ni unyevu wa hewa. Yakidondoka ndani, zibua mpira wa kutolea maji. Kuhusu mafuta, ni kweli AC huyala.

Eti Nairobi hakuna joto, AC ya nini? Panda matatu yenye abiria 14 mvua ya Aprili ikinyesha, madirisha yamefungwa. Kioo cha mbele hufunikwa na ukungu, dereva anafuta kwa kitambaa huku gari likienda. AC hukausha hewa, na ikiwashwa pamoja na hita kioo husafika upesi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwambie fundi atafute tundu na kuliziba, avute hewa yote kwa pampu, kisha ajaze kwa uzani ulioandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.